Daftari la Tatu la Mzee Ukoo

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya mifugo, na ninyi wa Chama mliowahi viti vya mbele: asanteni kwa kuja. Mimi ni mtoto wa pili wa marehemu. Kazi yangu ni ukarani wa mahakama, naandika wanachosema watu, si wanachotamani wangesema, na nadhani ndiyo sababu kamati ya mazishi ilinikabidhi wasifu huu. Sasa hivi inajuta. Ni mimi pia niliyeupeleka kwa mpiga chapa, kwa hiyo mlicho nacho mkononi ndicho ninachokisoma. Baba mdogo, mwenyekiti wa kamati, anausikia leo kwa mara ya kwanza. Baba mdogo, nisamehe. Nilikuambia mashine ya mpiga chapa imeharibika, na haikuwa kweli.

Marehemu baba yetu, aliyejulikana na wengi kama Mzee Ukoo, alizaliwa tarehe 14 Februari 1957, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi seremala na mama aliyeshona magodoro. Walikaa vyumba viwili nyuma ya karakana, ambako kila mtoto alikuwa na msumari wake ukutani wa kutundikia nguo, na ole wake aliyetundika kwenye msumari wa mwenzake. Alikuwa mtoto wa maswali. Bibi alizoea kusema kwamba neno lake la kwanza lilikuwa "mama" na la pili lilikuwa "kwa nini", na la tatu halijafika kwa sababu bado anasubiri jibu la la pili.

Alisoma shule ya msingi mwaka 1964 hadi 1970, na sekondari 1971 hadi 1974. Huko sekondari mwalimu wa sayansi aliwafundisha jinsi rangi ya ua inavyorithiwa, naye akarudi nyumbani akapanda maharage mekundu na meupe kwenye makopo ya rangi, akayachanganya chavua kwa unyoya wa kuku, akaandika kila kitu kwenye daftari. Msimu wa pili, mavuno yalipokauka tayari kuhesabiwa, Bibi aliyapika. Marehemu alilia. "Maharage ni maharage," Bibi akamwambia, "kula ukue, uje ufuge kitu kisicholiwa." Tumecheka hadithi hiyo miaka yote, na yeye alikuwa akicheka kuliko wote.

Septemba 1975 babu yetu seremala alikuwa akiranda mlango wa mteja. Akaweka randa chini, akashika kichwa, akaketi juu ya takataka za mbao, basi. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Waliosema presha walisema presha, na waliosema jirani ana kijicho walisema hivyo. Marehemu, mtoto wa maswali, alikuwa na miaka kumi na minane, na siku hiyo hakuuliza chochote. Naomba mlikumbuke hilo, maana nitalirudia.

Alihitimu chuo cha mifugo mwaka 1978, na Novemba mwaka huohuo akaajiriwa ofisi ya mifugo: chumba kimoja, meza moja, jokofu la chanjo lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, na pikipiki. Mwaka 1981 kikaingia kichaa cha mbwa. Amri ikatoka kwamba mbwa wote wasio na kola wauawe, na marehemu akapewa beseni la nyama yenye sumu. Kwa miezi mitatu alipanda na kushuka na pikipiki ile. Aliandika idadi, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuandika: mbwa mia sita thelathini na wanane.

Miongoni mwao walikuwa mbwa wa zizi. Walio vijana hapa hawajawahi kuona wengi pamoja, kwa hiyo nieleze. Ni mbwa wakubwa wa kijivu, shingo nene, ambao wachungaji wa nyanda za juu walikuwa nao tangu kabla mtu hajajua kuandika tarehe. Mtoto wa mbwa wa zizi huwekwa na kondoo kabla hajafumbua macho, akanyonyeshwa humo, akakulia humo, hata akajiona yeye ndiye kondoo mwenye meno. Habweki ovyo. Hafukuzi mtu aliyekuja kwa heri. Na hajawahi kuvaa kola, kwa sababu nani amvalishe kola mtu wa nyumbani? Ndiyo maana karibu wote walikufa.

Wiki chache baadaye wanyama wa porini walianza kujichagulia kondoo kama wako sokoni. Asubuhi moja binti wa mchungaji aliingia ofisini akiwa amebeba mwana-kondoo begani, amechanwa koo. Akamlaza mezani, juu ya fomu za marehemu. Akasema, "Umetuulia walinzi. Basi leo njoo ulale zizini wewe."

Watumishi wengine walicheka. Marehemu hakucheka. Alikwenda, akalala zizini siku kumi na moja, na tochi na sufuria ya kugonga. Binti yule ndiye mama yetu, yule pale aliyeketi na kitambaa cheupe.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1984. Kabla ya hapo Mama alimwuliza jambo moja, maana watu wa mifugo hawachukui dume bila kuuliza alikotoka: "Kwenu kuna ugonjwa gani?" Marehemu akamjibu, "Kwetu hatuugui. Tunakufa tu." Mama alinisimulia hilo Jumatano wiki hii, akiwa amekaa kitandani. "Nilicheka, mwanangu," alisema. "Nilicheka mpaka nikashika ukuta." Mungu aliwajalia watoto watatu: kaka yetu mwaka 1985, mimi 1988, na mdogo wangu wa kike 1993.

Mwaka 1989 marehemu alianza kuwatafuta mbwa wa zizi. Hakuwahi kusema analipa dhambi, lakini mtu hatumii kila Jumamosi na kila Jumapili kwa miaka miwili, anagonga milango ya mashamba na kuulizia mbwa wa kijivu, kwa ajili ya starehe. Alipata majike watatu kwa wazee waliokuwa wamewaficha wakati wa sumu. Dume alimpata mmoja tu, kwenye kiwanda cha matofali, amefungwa mnyororo analinda tanuri, mkia umepinda. Tulimwita Msumari. Alimnunua kwa redio yetu, na kaka hakumsamehe Msumari mpaka alipopanda mgongoni kwake.

Uzao wa kwanza ulizaliwa 1991, kwenye stoo yetu. Hapo ndipo daftari la kwanza lilipofunguliwa. Kila mbwa alichorwa: dume mraba, jike duara, mstari wa kuunganisha wazazi, mstari wa kushuka kwa watoto. Jina la Mzee Ukoo lilitokana na hilo, kwa kuwa hakukuruhusu kumpandisha jike wako kabla hujamtajia wazazi, mababu na mabibi, na walikufa na nini. Sisi watoto alitufundisha kwa maharage, mezani, baada ya kula. Kila mbwa ana maharage mawili, alisema, moja la baba na moja la mama. Mengi ni mekundu, hayana neno. Lakini siku nyingine kuna jeusi. Mwenye jeusi moja ni mzima, ila amelibeba. Jeusi la baba likikutana na jeusi la mama, mtoto ni mgonjwa. Nilikuwa na miaka minane na nililielewa vizuri kuliko jedwali la kuzidisha.

Mwaka 1996 kiliundwa Chama cha wafugaji wa mbwa wa zizi. Kufikia 2003 kilikuwa na wanachama sitini na mbwa mia mbili kumi na wawili, wote wakiwa wajukuu na vitukuu wa Msumari, tena wengine mara tatu au nne. Mwenyekiti alikuwa na bado ni mwenye kampuni ya ulinzi, ambaye amekuja na shada kubwa kuliko yote. Yeye alitaka rangi moja, kijivu cha chuma, kwa sababu inapendeza getini. Marehemu aliwaomba walete damu ya nje, mbwa wa kahawia wa wachungaji wa ng'ambo ya mlima, ambao ni ndugu wa mbali. Chama kikapiga kura. Ikaamuliwa kwamba daftari lifungwe na damu ibaki safi. Watu walipiga makofi. Marehemu alikuwa katibu, akayaandika makofi kwenye muhtasari.

Mwaka 2004 watoto wa mbwa wakaanza kufa. Walikuwa wakifikisha miezi minne, hawakui, wanakunywa maji kutwa kucha na kukojoa, kisha wanakonda na kuzimika. Marehemu aliwapasua, akakuta figo ndogo ngumu kama kokwa. Akafungua madaftari, akafuata mistari kwa kidole, na mistari yote ikaishia kwa Msumari na mkia wake uliopinda. Jeusi lilikuwa lake. Kwa damu safi yao walikuwa wamehakikisha linakutana na jeusi mwenzake kila uzao.

Tarehe 11 Machi 2006, kwenye ukumbi wa shule, marehemu alisimama mbele ya mkutano mkuu akaeleza. Akaleta na maharage. Kisha akasoma kwa sauti majina ya mbwa themanini na wanane ambao kwa hesabu ya daftari walikuwa wabebaji. Alirudia mara tatu kwamba mbebaji si mgonjwa, kwamba hawa ni wazima, tunawahitaji, ila tusiwapandishe wao kwa wao. Nilikuwepo, nikigawa karatasi. Hakuna aliyesikia mara hata moja kati ya zile tatu. Walichosikia ni jina la mbwa wao kusomwa mbele za watu.

Ndani ya siku kumi mbwa arobaini na mmoja waliuawa, mbali na waliotelekezwa. Walikuwa wazima. Mwenyekiti aliwamaliza saba kwa siku moja, kwa sababu wateja wa kampuni yake walikuwa wameanza kuuliza. Mwalimu mmoja aliyemlea jike wake miaka sita alimfunga kwenye geti letu na karatasi shingoni: "Chukua takataka yako." Na Chama kikamfukuza marehemu kwa kosa la kuharibu jina la mbegu.

Nilimkuta nyuma ya banda, anamvua yule jike ile karatasi. Aliniambia maneno ambayo sikuyapa uzito wakati ule. Alisema, "Ningenyamaza wangekufa wachache. Nimesema, wamekufa arobaini na mmoja." Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Baba yetu aliumwa siku ile, na tangu hapo hakuwahi kukanyaga unyasi tena.

Kwa upande wa mbwa, alianza upya peke yake. Alibaki na mbwa tisa, akamwongeza dume la kahawia kutoka ng'ambo, na mama wa uzao wa kwanza alikuwa yule jike wa mwalimu. Vizazi vinne vimepita. Leo mbwa wa zizi wako katika mazizi ishirini na sita ya nyanda za juu, wa kijivu na wa kahawia na wengine wa mchanganyiko kama shuka la viraka, na tangu mwaka 2013 hakuna mtoto wa mbwa hata mmoja aliyekufa kwa figo. Chama kimekuwa kikituma watu kununua watoto wa mbwa kwa jina la mtu mwingine. Utepe wa shada umeandikwa "Mwanzilishi Wetu". Mwenyekiti wake aliomba dakika kumi za kusema. Kamati imempa tatu, na mimi nilipendekeza arobaini na moja za kunyamaza.

Sasa nafika kwenye ugonjwa. Hapa ndipo kamati ilipoagiza niandike, "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Baba mdogo alisema ndivyo inavyoandikwa, na kweli ndivyo inavyoandikwa. Lakini marehemu aliugua miaka kumi na sita.

Agosti 2008 alipata maumivu ya kichwa yasiyokwisha, akaenda hospitali, akakutwa na presha ya kumwangusha ng'ombe. Wakampiga picha ya tumbo, ile ultrasaundi wanayopigwa wajawazito. Figo zote mbili zilikuwa zimejaa vivimbe vya maji. Daktari alimwambia kwamba ugonjwa huu ni wa kurithi, na kwenye kadi akaandika kwa mwandiko unaosomeka, jambo ambalo ni nadra kwa madaktari: "Ashauriwe kuwaleta watoto wote wapimwe." Sisi hatukupelekwa. Tulichoambiwa nyumbani ni kwamba Baba ana presha, apunguziwe chumvi. Mama akapunguza chumvi.

Kadi hiyo niliiona kwa mara ya kwanza Jumanne hii. Nilikwenda kwenye kabati la banda kutafuta kitambulisho chake, kwa ajili ya cheti cha kifo, nikashusha daftari la tatu la ukoo wa mbwa, na kadi ikaanguka. Kurasa za mwisho za daftari lile kuna mchoro wa tarehe 22 Machi 2009. Hauna kichwa. Nilidhani ni mbwa. Nikaanza kuhesabu: mraba mmoja na duara moja, watoto watano. Mraba wa juu umepakwa wino mweusi, pembeni imeandikwa "1975, kichwa": ni babu seremala, na jibu la swali ambalo marehemu hakuuliza siku ile. Chini yake miraba miwili meusi: baba mkubwa, aliyekufa 1998 na ambaye tuliambiwa alikunywa pombe mbaya, na marehemu mwenyewe. Wa Baba mdogo uko mtupu, una alama ya kuuliza.

Chini ya marehemu tulikuwa sisi watatu. Mimi ni duara lenye alama ya kuuliza kwa penseli, limefutwa na kuandikwa tena mpaka karatasi imechubuka. Mdogo wangu vilevile. Na mraba wa kaka ulikuwa mweusi, kwa kalamu nyingine, na pembeni yake tarehe: 17 Mei 2016.

Kaka yetu alianguka bafuni tarehe hiyo, ameshika kichwa, akiwa na miaka thelathini na mmoja. Mshipa ulipasuka ndani. Aliacha mke na watoto wawili. Nimemwuliza daktari Alhamisi, akaniambia wenye figo hizi mishipa yao ya kichwa ni dhaifu, na kwamba mtu akijulikana mapema presha yake hushikwa, na mshipa huchunguzwa, na wakati mwingine huwahiwa. Miaka saba. Marehemu alikuwa na mchoro ule kwa miaka saba, na kaka alikuwa anakuja kila Jumapili kumsaidia kufua mablanketi ya mbwa.

Msiniambie mganga hajigangi. Huyu alikuwa na dawa mkononi, alikuwa amewagawia mbwa. Maharage aliyotufundisha mezani yalikuwa yetu sisi, tofauti ni moja tu, nayo aliiandika kwa mkono wake chini ya mchoro: "Kwa mbwa meusi mawili. Kwa sisi moja linatosha." Kila mjukuu alipozaliwa alikuja hospitalini wa kwanza, amebeba mfuko wa machungwa, anamshika mtoto, anamnusa utosi. Kisha alirudi nyumbani akaongeza mraba au duara kwa penseli. Wote wanne wamo.

Wengi mnaikumbuka posa yangu, mwaka 2012, kwa sababu ndiyo hadithi ya marehemu inayosimuliwa sana. Mume wangu, fundi wa majokofu, alikuja na wajomba zake wamevaa makoti. Marehemu akamwuliza, "Babu yako mzaa mama alikufa na nini?" Mjomba mmoja akaruka, "Mzee, tumekuja kuoa, hatukuja kupimwa!" Marehemu akasema, "Hata mbwa wangu hawaolewi hivihivi." Sebule nzima ilicheka mpaka chai ikamwagika. Nimeifikiria sebule ile wiki nzima. Mchoro ulikuwa na miaka mitatu. Alikuwa anataka kujua kama angalau upande wa pili uko salama. Na katika watu ishirini na wawili, hakuna aliyemgeuzia swali.

Nina hasira na baba yangu. Nampenda, alinifundisha kusoma kwa kunifuatisha majina ya mbwa kwa kidole, na nina hasira naye, na nimekuja na vyote viwili hapa kaburini kwa sababu sina pa kuviacha.

Kuanzia Februari 2020 alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Alituambia figo zimechoshwa na dawa za presha, nasi tukaamini, maana nani angemfundisha Mzee Ukoo habari za figo? Jumatatu wiki hii, tarehe 5 Agosti, nilikuwa hospitalini, kando ya kitanda chake. Akasema, "Kesho niletee daftari la tatu." Nilikuwa nimechoka, nimetoka kazini, sijala. Nikamjibu kwa ukali, "Baba, hata hapa, mbwa?" Akaniangalia kidogo, akageukia ukutani. Alifariki kesho yake, Jumanne tarehe 6 Agosti 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya geti la hospitali, mikono mitupu. Labda alitaka kuniambia. Labda alitaka kurekebisha rangi ya mbwa fulani. Sitajua, na sina wa kumlaumu kwa hilo isipokuwa mimi.

Jumatano usiku tulikaa na Baba mdogo jikoni. Aliutazama mchoro, akaufunga, akaweka kiganja juu ya jalada.

"Hili lizikwe naye," alisema.

"Baba mdogo, na wewe umo humu."

"Mimi nina miaka hamsini na minane, nimeshakula chumvi yangu. Nawaza hawa wasichana. Ukisoma haya mbele za watu, nani atakuja kuposa kwetu? Mdogo wako harusi ni Desemba. Wakwe watakuwa wamekaa palepale!"

Hakuwa anasema kwa ubaya. Alikuwa anasema kile alichosema mwenyekiti wa Chama mwaka 2006, kuhusu wateja. Mama, aliyekuwa anaosha vikombe, hakugeuka. Alisema tu, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kimeshatuumbua mara nne. Mnasubiri cha tano?"

Nikamtazama mdogo wangu, kwa sababu mwenye cha kupoteza alikuwa yeye. Alikuwa anamenya chungwa, akamaliza kulimenya lote.

"Soma, dada," akasema. "Kama ni wa kukimbia, bora wakimbie Agosti kuliko baada ya mtoto wa pili."

Kwa hiyo nasoma. Wakwe zetu watarajiwa, nawaona mstari wa nne. Mna haki ya kuuliza lile swali ambalo hakuna aliyemwuliza baba yetu kwenye posa yangu, nami nimeshalijibu. Ninachowaomba ni kimoja: mkifika nyumbani, kumbukeni kwamba mbebaji ana jina, na kwamba arobaini na mmoja walikuwa wazima.

Marehemu ametanguliwa na mwanawe wa kwanza. Ameacha mjane mmoja, mama yetu. Ameacha mdogo wake mmoja, Baba mdogo, mwenye alama ya kuuliza, na dada zake wawili, shangazi zetu, ambao wamepimwa jana na wako salama, na mmoja wao ameimba ndani ya teksi njia nzima. Ameacha binti mdogo, ambaye duara lake liko wazi mpaka Jumatatu. Ameacha wajukuu wanne wa penseli. Ameacha mbwa kumi na tisa bandani, wote wazima, na madaftari matatu, mawili ya mbwa na la tatu la mbwa na letu.

Na ameniacha mimi. Mimi nilipimwa Alhamisi. Wanakupaka mafuta ya baridi tumboni, dakika kumi, hakuna maumivu. Daktari alihesabu vivimbe upande wa kulia, akafika kumi na moja, akaacha kuhesabu. Niliporudi nyumbani nilichukua kalamu ya marehemu, nikafuta ile alama ya kuuliza, nikalipaka duara langu mwenyewe. Wino haukuvuka mstari, na hilo pia nimelirithi.

Daktari wa picha amekubali kutupokea ukoo mzima Jumatatu, tarehe 12 Agosti, kuanzia saa mbili asubuhi. Watoto wa kaka nitakuja nao mimi, pamoja na wangu.

Apumzike kwa amani baba yetu, maswali amemaliza. Baba mdogo, Jumatatu saa moja na nusu nitakupitia kwako, wala usiniambie gari limeharibika.